Majina Saba Tumboni

Mama Joséphine-Marie alishuka kwenye pikipiki ya mwanawe mbele ya nyumba ya Papa Damascène, tope limempanda mpaka magotini, na kabla hata ya kumwamkia mtu aligeuka akatazama kilima chote kile cha kijani na ng'ombe waliotapakaa juu yake.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Kwetu nyama inakimbiaka, mpaka uifuate na imbwa. Hapa inalala tu inakuangalia."

Watu uani wakaangua kicheko, na Emérita, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia la mlango huku moyo ukimdunda, akacheka pia. Akajiambia, huyu mama tutaelewana. Maskini, hakujua.

Tuseme kwanza mambo yalivyokuwa, maana mapenzi ya Emérita na Hubert, mwana wa huyu mama, yalishasemwa sana pale Masisi na kila mtu alikuwa na habari yake. Hubert ni kijana wa Mpofi, kule chini Walikale kwenye msitu. Alikuwa akipanda Masisi kununua jibini, anaifunga vizuri kwenye majani ya mgomba na kuishusha kwao, nyingine inafika mpaka Omate kwa wachimbaji wa madini. Emérita ni binti wa Papa Damascène, wa pale pale, mtengenezaji wa jibini katika kiwanda kidogo cha akina mama, bondeni chini ya kanisa. Siku ya kwanza walipoonana, Hubert aliibonyeza jibini kwa kidole, na Emérita akampiga mkono.

"Muntu habonyezake fromage ya benyewe," alimwambia. "Weye ukibonyezwa vile utafurahi?"

"Inategemea nani ananibonyeza," Hubert akajibu.

Toka siku hiyo alikuja kununua jibini hata wiki ambazo watu wa Mpofi hawajamaliza ile ya mwanzo.

Sasa mama yake alikuwa amekuja kumwona msichana. Mama akisema ndiyo, wazee wa Mpofi watapanda na mbuzi wa mahari. Mama akisema hapana, hakuna mbuzi, hakuna wazee, na Hubert ataanza kununua jibini mahali pengine. Ndiyo maana toka asubuhi Mama Libérata, mama mzazi wa Emérita, alikuwa akimfuata bintiye jikoni na uani na maneno yale yale.

"Mugeni akikupa kintu kwa mukono wake, unakula. Hata kama hauna njaa. Na ukimaliza unaomba tena. Usiniletee haya mbele ya batu ba mbali."

"Mama, nimesikia."

"Umesikia lakini nakujua. Weye unakulaka kama ndege."

Basi wakakaa sebuleni. Mgeni akapewa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akayanywa kwa adabu, akifumba macho kidogo kila anapomeza. Emérita alikaa kwenye mkeka upande wa pili. Hakumtazama Hubert. Hubert naye hakumtazama yeye. Walikuwa hawatazamani kwa bidii kubwa sana, kiasi kwamba kila mtu mle ndani aliona.

Halafu Mama Joséphine-Marie akavuta kikapu chake, akatoa bunda la majani, akalifungua mapajani. Ndani mlikuwa na lituma, ndizi za kupikwa zilizopondwa zikashikana, bado zinanukia moshi wa Mpofi.

"Mwanangu," alisema, "sogea hapa. Piga magoti."

Emérita akasogea. Yule mama akamega tonge dogo, akaliinua mpaka usawa wa paji la uso wake mwenyewe, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, taratibu, kisha akalitia mdomoni mwa Emérita. Emérita akatafuna, akameza. Likaja la pili, na maneno mengine. La tatu. Akafikiri, huyu mama anapenda kusali, kila tonge na sala yake. Hata kwetu kungekuwa hivi watu wangekula polepole. Lituma lilikuwa tamu, kweli. La nne, la tano, la sita. Mama Joséphine-Marie akapangusa mikono, akaanza kufunga majani.

Hapo Emérita akakumbuka mafundisho ya mama yake.

"Aksanti Mama," alisema, akatabasamu meno yote nje. "Iko tamu sana. Hakuna tena?"

Mkono wa yule mama ukasimama hewani. Alimtazama Emérita usoni kwa muda, akafungua tena majani, akamega tonge la saba. Hilo aliliinua akakaa nalo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mwishowe akalitia mdomoni mwa msichana, na Emérita akadhani ni uchovu wa njia.

Mara vigelegele! Mama Joséphine-Marie alivipiga hadi kuku wakakimbia uani.

"Saba!" alipaza sauti. "Papa Damascène, nilikuja na sita, binti yako ameomba saba! Majina saba ya bafu betu, bale benye bameshakufa, yamepata tumbo. Nani alisema basichana ba sasa hawajue desturi?"

Papa Damascène, ambaye hakujua desturi hiyo hata kidogo, alielewa neno tumbo na neno saba, akasimama kwa furaha akampa mgeni mkono. Mama Libérata alibaki ameshika kikombe kitupu. Yeye mwenyewe alizaa tisa.

Emérita akageuza kichwa taratibu, akamtafuta Hubert. Hubert alikuwa akiangalia viatu vyake.

*

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ulikuwa unaangalia viatu."

Walikuwa kwenye lango la malisho juu ya nyumba, pale wanaposimama siku zote kwa sababu kutoka uani wanaonekana, na hakuna anayeweza kusema wamejificha, lakini hawasikiki. Jua lilikuwa limeshalegea.

"Emérita, nisikilize. Iko desturi ya ukoo wa Mama. Mwanamuke akiingia kwetu, anapewa majina ya bale benye bameshakufa, ili abainue. Kila tonge jina moja, kila jina mutoto moja. Kama ningemukata katikati ya majina ya bafu, angesimama akarudi Mpofi kwa miguu."

"Basi angerudi kwa miguu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguze. Tulisikilizana nini, weye na miye? Hapa hapa, siku ya Pasaka?"

"Batoto babili."

"Babili na nani?"

"Na wa tatu kama Mungu anataka kutuchekesha."

"Na sasa? Saba, Hubert! Nimekula saba!"

Hubert akajikuna shingo. Kuna wanaume ambao wakibanwa hufanya mzaha, hata kama mzaha ndio utakaowaua, na huyu alikuwa mmoja wao.

"Sita zilikuwa za Mama," alisema. "Ya saba weye mwenyewe njo uliomba."

Emérita alimwangalia. Kisha akageuka akaanza kushuka. Hubert akamkimbilia, akamzunguka, akasimama mbele yake njiani, mikono wazi, kama mtu anayezuia ndama.

"Pole. Pole, mupenzi. Nimesema ujinga."

"Umesema ujinga mingi."

"Mingi. Kasirika, lakini usiende."

Lile jicho lake. Ndilo lililomfanyia Emérita ubaya wote toka siku ile ya kubonyeza jibini, jicho la mtu anayekutazama na kusahau alichotaka kusema. Alimpenda, jamani. Alimpenda mpaka usingizini alikuwa akisikia pikipiki isiyokuja. Ndiyo maana alikuwa na hasira hivi. Mtu asiyekuhusu hawezi kukukasirisha namna hii.

"Unajua Kayitesi?" alimwuliza, sauti imeshuka. "Njo alinifundisha kazi. Mukono wake ulikuwa muzuri kunishinda. Alizaa, akarudi. Akazaa tena, akarudi. Mara ya tatu mukono ulikuwa ule ule, lakini kwenye sufuria ya maziwa kulikuwa kumesimama muntu mwengine. Hakuna mwenye alimufukuza. Maziwa ilikuwa inafika kila asubuhi, na yeye hakuwa pale, basi."

"Kwako haiwezi kuwa vile."

"Juu ya nini haiwezi? Madame Adelaïde, mukubwa wa kiwanda, amenipa funguo ya chumba cha kuivishia fromage. Miye, Hubert, si mwengine. Angalia bale bamama ba kazini, kila moja iko na babili ao batatu. Hakuna mwenye alibakataza. Imekuwa tu vile, kidogo kidogo, kila moja na bwana yake kwao. Na bako sawa. Batoto babo bako sawa."

"Miye sililie saba," Hubert akasema. "Nakulilia weye."

"Basi muambie Mama."

Ng'ombe mmoja akaja kunusa mkono wa Hubert, naye akampapasa kichwani, ilimradi apate pa kuangalia.

"Ngoja kwanza tufike Mpofi. Nitamuambia polepole."

"Polepole njo mpaka mutoto wa ngapi?"

Hubert akaendelea kumpapasa ng'ombe.

"Kama weye hauna mudomo," Emérita alisema, "miye niko nao. Nitamuambia mbele hajapanda pikipiki kurudi."

"Ukimuambia vile, anaweza kukataa ndoa. Unamuona anacheka, lakini unamujua kidogo tu. Akisema hapana, hata mujomba hawezi kumugeuza."

"Najua."

"Na tukipotezana, Emérita?"

Hapo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, hakuyafuta. "Nikimudanganya Mama yako leo," alisema, "kila mwaka atakuwa anaangalia tumbo langu. Kila mwaka. Na weye utakuwa unaangalia viatu. Heri tupotezane ningali nakupenda."

Akashuka. Mara hii Hubert hakumzuia.

*

Maziwa ya Masisi huamka kabla ya watu. Kulikuwa bado na ukungu bondeni wakati wachungaji walipoanza kuteremka na bidoni za maziwa mabegani, na Emérita kule kiwandani alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, ameyapima maziwa, ameyachuja, ameyapasha moto kwenye sufuria kubwa. Alikuwa ametia dawa ya kugandisha na kufunika alipoona kivuli mlangoni.

"Kwetu kuku njo anatuamsha," alisema Mama Joséphine-Marie. "Hapa iko bidoni. Naweza ingia?"

"Karibu Mama. Lakini utanawa mikono. Hata Monseigneur, askofu mwenyewe, akikuja hapa atanawa."

Mama akanawa bila kununa, akafunikwa kichwa kwa kitambaa safi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alitazama kila kitu: rafu za mbao, jibini zilizopangwa zikingoja kuiva, vitambaa vilivyoanikwa. Alitazama zaidi jinsi Emérita alivyokuwa akigusa ubavu wa sufuria kwa nyuma ya mkono, anasikiliza joto, anaondoka, anarudi.

"Kama muntu iko na mutoto wa homa," alisema.

Emérita akaona ni sasa au basi tena. Akapiga magoti chini kwenye simenti yenye maji.

"Mama, jana nilikula bila kujua."

"Bila kujua nini?"

"Yale majina. Nilifikiri ni sala."

"Sala iko."

"Ndiyo Mama. Lakini nilifikiri iko ya chakula. Na Mama yangu alikuwa ameniambia nikimaliza niombe tena, ndiyo heshima ya kwetu. Njo nikaomba. Nitazaa babili. Pengine batatu. Saba, Mama, hapana. Sikuweza kuacha urudi na furaha ya uongo."

Nje wachungaji walikuwa wakitaniana na kugonganisha bidoni tupu.

"Hubert anajua?"

"Anajua. Tulisikilizana mbele ya kukuja kwako."

"Ah." Yule mama alinyooka pale juu ya ndoo, na lile cheko lote la jana lilikuwa limeondoka usoni. "Miye nilizaa tisa na jembe mukononi. Shamba halikunikatalia tumbo hata siku moja. Hii maziwa yako njo inakatala?"

"Shamba linangojaka, Mama. Ukizaa leo, majani itakungoja. Jirani atakupalilia mustari moja, mutoto wa kwanza atabeba wa pili. Maziwa haingojake. Ikifika asubuhi na miye siko, itaharibika, ao mwengine atasimama hapa."

"Basi iko juu ya kazi."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Emérita alifikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Sitaki kuisingizia kazi. Hata maziwa ingeningoja, nisingetaka saba. Kazi ilinifungua macho tu, nikaona kuna kintu najua kufanya na nakipenda. Na batoto nabapenda, nabataka. Lakini nataka bale benye nitajua nani alikuwa na homa wiki iliyopita. Mama yangu ananipenda sana. Lakini akitaka kuniita, anaanza na Léonard, mutoto wa kwanza, anapita kwa kaka na dada zangu bote, njo ananifikia miye."

Mama Joséphine-Marie hakutaka kucheka, lakini kicheko kidogo kilimponyoka puani.

"Miye pia niko vile," alisema. "Hubert namuitaka jina la imbwa." Akasugua magoti. "Unajua, huko Omate kuna basichana benye kuuza mafuta na samaki ya kukauka. Bo pia, mutoto moja, babili, banasimama. Shiye bamama ba Mpofi tulisema balirogwa. Tulibaombea kanisani juma nzima."

"Pengine hawakurogwa, Mama."

"Pengine. Na tulifunga kula, bure kabisa." Lakini uso ukarudi kuwa mzito. "Weye unasema vizuri, mwanangu. Lakini bafu bangu nitabaambia nini? Nimeshataja majina yabo mbele ya batu."

Emérita akafunua sufuria, akachovya ncha ya kidole, akafunika tena.

"Sita balikuwa bazee," mama yule akaendelea, sasa kama anajisemea. "Baba yangu, Mama yangu. Babu ya Hubert, muwindaji, alikufa anacheka na kukohoa. Balikula dunia, balishiba. Bo bataweza kuvumilia."

"Na wa saba?"

"Wa saba sikutoka naye Mpofi. Sita njo nilihesabu njiani. Weye ukaomba tena, na yale meno yako nje, na mukono wangu ukamega mwenyewe." Alikuwa akitazama mikono yake. "Iko Nadine. Binti yangu. Dada mukubwa wa Hubert."

Emérita alijua tu kwamba Hubert alikuwa na dada aliyefariki. Kila alipomgusia habari hiyo, Hubert alianza kusema mambo ya pikipiki.

"Alikuwa fundi wa kushona," alisema Mama Joséphine-Marie. "Mashine ilikuwa yake. Harusi zote za Mpofi, nguo ilitoka kwake. Akaolewa, mimba ikafuata mimba, mashine ikawekwa pembeni, ikafunikwa, kuku banalala juu yake. Alipokuwa na wa tano nilimuambia, Nadine, pumuzika sasa. Unajua alinijibu nini? Alisema, Mama, weye ulizaa tisa, nani alikupumuzisha? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina." Sauti ilikuwa tulivu, ila alikuwa amekamata kitenge chake kwa nguvu. "Wa sita alikuja vibaya. Banaume balimubeba kwa kitanda cha miti, kwenda hospitali. Hawakufika. Batoto batano nabalea miye."

Emérita alitambaa kwa magoti mpaka kwenye ile ndoo, akashika miguu ya yule mama, miguu iliyopasuka visigino, akaikumbatia.

Ndipo Hubert alipotokea mlangoni, anahema, shati limefungwa vishikizo kombo. Alikuwa amezunguka boma zima akimtafuta mama yake. Alipowaona hivyo alisimama.

"Weye," mama akamwambia. "Ulijua huyu mutoto hajue desturi?"

"Ndiyo Mama."

"Na mulikuwa mumeshasikilizana babili?"

"Ndiyo Mama."

"Na ukaniacha nipige vigelegele mbele ya batu ba benyewe kama kichaa! Nani alikukata ulimi, Hubert? Niambie nikamufunge!"

Hubert aliinamisha kichwa. Emérita akamwona macho yanatafuta viatu, yakavifikia, na moyo wake ukashuka. Lakini yakainuka tena.

"Mama, miye pia sitaki saba," alisema. "Siyo juu ya Emérita. Hata ningeoa mwengine nisingetaka."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kitanda cha Nadine." Akapumua. "Miye nilikuwa upande wa kichwa. Ananiangalia njia yote. Ananiambia, Hubert, usikimbie, unanitikisa. Nikapunguza mwendo, Mama. Nilipunguza, juu ya vile aliniomba. Mpaka leo sijue kama ningekimbia..." Alishindwa. Akajifuta uso kwa mkono wote, kwa hasira, kama mtoto. "Sitaki kubeba tena muntu vile. Sitaki kumubeba huyu."

Emérita hakuwahi kusikia habari hiyo. Mwaka mzima na zaidi wa kupendana, na mzaha wote ule, na hilo lilikuwa limekaa ndani. Angeruka amkumbatie mbele ya mama yake, Mungu angemsamehe, lakini miguu ya yule mama ilikuwa bado mikononi mwake.

Mama Joséphine-Marie alimwambia mwanawe neno moja fupi kwa lugha ya kwao, na Hubert akaja akachuchumaa, akaegemeza kichwa chake begani kwa mama, jitu zima lile.

"Ungeniambia," alisema mama.

"Ningeanzia wapi?"

"Hapo hapo umeanzia."

Baadaye alimsukuma kidogo, akapangusa macho kwa pindo la kitenge, akasafisha koo.

"Sasa musikilize. Majina yakishaingia tumboni, muntu hawezi kuyatapika. Hiyo siwezi kugeuza, hata mujomba hawezi. Yatabaki ndani. Mwenye atatoka atatoka, bengine balale, bazee banapenda kulala. Bafu nitasema nabo miye mwenyewe, hawaniogopeshe, nilibapikia miaka mingi. Lakini Nadine atangulie."

"Mama," Emérita akauliza kwa woga, "na kama wa kwanza iko muvulana?"

"Nadine hakuwa na haraka hata siku moja. Atangoja wa pili."

"Na bazee?" Hubert akauliza. "Na mbuzi?"

"Mbuzi batapanda. Ulifikiri nimekula hii tope yote ya barabara bure?"

Emérita aliinuka kwa furaha ili amkumbatie yule mama. Lakini jicho lake likapita kwenye sufuria. Akasita. Akafunua, akagusa: maziwa yalikuwa yameganda sawasawa, yanatetemeka kidogo tu, na kama hayatakatwa sasa hivi yatakuwa magumu na kazi ya asubuhi nzima itapotea. Akasimama katikati, kisu kirefu mkononi, hajui aende wapi kwanza, kwa watu au kwa maziwa.

"Kata," Mama Joséphine-Marie alisema. "Usitoke hapo. Miye nitakuja."

Emérita akaanza kukata, mistari mirefu, taratibu, jinsi Kayitesi alivyomfundisha. Nyuma yake akasikia miguu kwenye maji. Halafu mikono miwili ikamzunguka kiunoni, na shavu la moto likalala mgongoni mwake.

"Uzae bale unabataka," alisema yule mama kwa sauti ya chini, pale pale mgongoni. "Lakini weye ubaki. Umesikia? Ubaki."

"Nimesikia, Mama."

Aliendelea kukata. Machozi yalikuwa yakimtiririka, mikono yote miwili ina kazi, na Hubert alikuwa amesimama upande wa pili wa sufuria akimtazama kwa lile jicho lake, naye safari hii akamtazama waziwazi, bila kujali nani anaona.

"Na usilie ndani ya sufuria," mama mkwe akasema. "Batu ba Omate batasema fromage iko na chumvi mingi."